Nyuzi Kumi na Sita

Saa nane na dakika ishirini mchana, Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, mzee Stanislav Hribernik alibonyeza swichi, na polka, muziki wa dansi wa wahamiaji kutoka Slovenia, ikarudi hewani katika jiji la Cleveland baada ya miaka minne ya ukimya.

Chini, katika ukumbi wa Waslovenia, wazee wapatao sitini walikuwa wameizunguka redio moja ya mbao iliyowekwa juu ya meza kama mgonjwa anayesubiriwa azinduke. Redio ilikoroma, ikakohoa, kisha kodiani ikafoka kutoka ndani yake, na ukumbi wote ukasimama. Bibi mmoja alimkumbatia mtu asiyemjua. Mwingine alianza kucheza na kiti.

Stane, kama wote walivyomwita, aliisikia shangwe ile kupitia sakafu. Yeye alikuwa katika chumba kidogo chini ya paa, mbele ya mtambo usiozidi ukubwa wa sanduku la nguo, wenye nguvu ya wati tisini na tisa tu. Mtambo ule haukuwa na kipindi chake wenyewe. Sheria iliuruhusu kudaka sauti ya kituo kikubwa na kuitoa upya kwenye masafa yake madogo, basi. Kituo kikubwa cha mjini kilikuwa kimewakodisha Waslovenia njia yake ya pili, ile ambayo redio za zamani haziidaki kabisa. Mtambo wa Stane uliichukua sauti hiyo na kuishusha mahali ambapo redio ya jikoni ya mzee yeyote ingeipata. Ndiyo kazi yote. Lakini kwa kazi hiyo ndogo walikuwa wamepigania kibali kwa miaka mitatu, na kibali kilikuwa kinakufa siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Ilibidi kabla ya saa hiyo mtambo uwe unafanya kazi, na fundi mkuu, yaani Stane mwenyewe, awe ametuma tamko kwamba kila kitu kimejengwa kama kibali kinavyosema. Wasipofanya hivyo, masafa yangepotea, na hakuna aliyejua kama wangepewa mengine wakiwa hai.

Stane alivaa tai. Alikuwa amevaa tai kila siku ya kazi kwa miaka arobaini na mitano, hata alipokuwa akipanda milingoti katika milima ya jimbo la Washington, na hakuona sababu ya kuiacha siku kama hii. Aliketi, akafungua fomu ya tamko kwenye kompyuta, akanyoosha vidole.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Tilka, mjukuu wake, fundi wa minara mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mkanda wa kupandia bado kiunoni na grisi shavuni.

"Babu! Umewasikia huko chini? Wamechanganyikiwa! Mtangazaji wetu mwenyewe analia, amesahau hata kutaja jina la kituo!"

"Fredi akisahau jina la kituo tutatozwa faini," alisema Stane. "Kamwambie alie baadaye." Lakini masharubu yake yalikuwa yanacheka, na Tilka aliyaona.

Simu ya mezani ikalia. Tilka aliibonyeza ili wote wasikie.

"Stane! Stane wewe!" Ilikuwa sauti ya Vida, mkewe, na nyuma yake, waziwazi, kodiani. "Nakusikia! Niko hapahapa jikoni, naviringisha keki ya potica, mikono imejaa unga wa jozi, na polka inaimba kama iko ndani ya kabati! Wewe si uliniambia hatutaipata nyumbani? Nikakununia wiki mbili! Mume wangu, nisamehe!"

Tilka alirusha mikono juu. "Bibi! Hongera!"

Stane aliinamia ramani ya mawimbi iliyokuwa mezani. Alikuwa ameichora kwa mkono wake mwenyewe. Nyumba yake, kule kwenye ukingo wa ziwa, ilikuwa nje ya mstari wa eneo la kusikika. Haikupasa kusikia chochote zaidi ya mvumo.

"Vida," alisema taratibu, "nitakupigia." Akakata simu. "Tilka. Panda kwenye paa, simama nyuma ya antena, uniambie pua yake inatazama nini."

"Babu, tumeshamaliza..."

"Inatazama nini, Tilka?"

Alipanda. Stane alisikia viatu vyake juu ya bati, kisha sauti yake ikashuka kupitia kitundu cha paa: "Dohani za ule mtambo wa umeme ufukweni! Na nyuma yake maji matupu!"

Ilipaswa kuutazama mnara wa maji wa mji jirani wa Euclid, kule waliko watu.

Stane alitoa mfukoni karatasi ya hesabu aliyoiandika alfajiri. Kibali kilitaka antena ielekee nyuzi sitini kutoka kaskazini ya kweli. Dira haionyeshi kaskazini ya kweli. Huvutwa pembeni na sumaku ya dunia, na kila fundi hurekebisha kwa hesabu. Kule Washington, alikotumikia miaka thelathini, fundi hutoa. Hapa Cleveland fundi hujumlisha nyuzi nane. Mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umetoa nane. Antena ilikuwa imepinda nyuzi kumi na sita.

Tilka alishuka, akasimama mlangoni. Aliitazama karatasi ile. Asubuhi alikuwa ameuliza. Alisema, "Babu, hapa si tunajumlisha?" Stane akamjibu kwamba alianza kupanda milingoti kabla mama yake Tilka hajazaliwa.

"Uliniuliza," alisema Stane.

"Niliuliza."

"Nikakukemea mbele ya watu. Kosa ni langu. Nitalisema mbele ya watu haohao."

Mlango ukajaa mtu wa tatu. Fredi Koželj, mtangazaji, alikuwa ameiachia santuri ndefu kazi ya kutangaza, akapanda ngazi akihema, chupa ya bia mkononi na macho mekundu. "Mbona nyuso za mazishi? Bwana harusi, tia sahihi tule!"

Stane alimweleza kwa sentensi tatu.

Fredi alikuna kichwa. "Nyuzi kumi na sita. Kwani nani atajua huko tunakokwenda? Samaki?"

"Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kanada, kuna kituo kidogo cha wakulima chenye masafa hayahaya. Wanasikiliza bei ya tumbaku. Sasa hivi tunawapigia polka juu ya bei ya tumbaku."

"Basi wamepata bahati!"

"Fredi."

"Sikiliza, mzee mwenzangu, sikutanii sasa. Ni saa tisa kasorobo. Saa kumi na moja tunakufa. Tia sahihi leo, Jumatatu Tilka apande aigeuze, nani kaumia? Pale chini kuna watu wa miaka tisini. Ukipoteza hii utawaambia nini?"

Swali lile lilimchoma, kwa maana ndilo alilokuwa akijiuliza mwenyewe. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Fredi hakulijua: antena ile ilipopinda ndipo ilipomfikia Vida, na kuinyoosha kulikuwa ni kumzimia mkewe muziki kwa mkono wake. Stane aliitazama fomu. Ilisema: nathibitisha kwamba antena imeelekezwa kama ilivyoidhinishwa. Chini yake, nafasi ya jina.

"Nitawaambia nimekosea hesabu," alisema. "Hilo naweza kulisema. Hili lililoandikwa hapa siwezi." Akanyoosha mkono, akazima mtambo.

Polka ikakatika katikati. Chini, ukumbi ulitoa sauti ambayo Stane aliikumbuka siku nyingi baadaye, kama ng'ombe sitini walionyang'anywa majani.

Alishuka mwenyewe. Alisimama mbele ya watu na tai yake, akasema kwamba ameelekeza antena vibaya, kwamba mjukuu wake alimwonya naye akamkaripia bure, na kwamba anahitaji saa moja na nusu. Mzee mmoja wa mbele alifoka, "Miaka arobaini na mitano kwenye kazi, na hujui kaskazini iko wapi?"

"Leo asubuhi sikujua," alijibu Stane.

Mtu alicheka, kisha wengi. Fredi alinyakua kodiani ukutani, akajifunga mikanda. "Kaeni! Redio imezimika, mimi sijazimika!" Akaanza kupiga, na hakuna aliyetoka.

Juu ya paa, upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kukaza. Stane aliupima kwa kifaa cha mkononi, akauona bado uko chini ya kiwango cha kumzuia mtu kupanda, akatikisa kichwa kukubali. Tilka alijifunga kamba mbili, akapanda mlingoti. Boliti nane zilikuwa zimekazwa kwa mtindo wa babu yake, yaani kana kwamba hazitafunguliwa tena hadi kiama.

"Nani alinifundisha kukaza namna hii?" alipaza sauti.

"Mtu asiyejua kaskazini!"

Kicheko chake kilipeperushwa na upepo. Dira haikuguswa tena. Stane alikuwa amepima upya kwenye ramani mstari wa kutoka ukumbini hadi mnara wa maji, akaupata nyuzi sitini barabara. Tilka alilala juu ya pua ya antena kama mwindaji anayelenga, akaisogeza kidogo, kidogo, hadi mnara ule mweupe ukakaa kwenye ncha.

"Upo!"

"Apa!"

"Babu, upo! Njoo uape mwenyewe!"

Mzee wa miaka sabini na minne alivua koti, akabaki na tai, akajifunga mkanda wa akiba, akapanda hatua zote kumi na mbili. Alitazama. Mnara wa maji ulikuwa pale, katikati kabisa. Alimpigapiga Tilka begani mara mbili, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Saa kumi na dakika thelathini na nane mtambo uliwaka. Sakafu ilitetemeka kwa vishindo vya miguu. Saa kumi na dakika arobaini na tano Stane aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, akatuma. Kompyuta ilifikiri kwa muda mrefu wa kuudhi, kisha ikaleta namba ya kupokelewa. Tilka alipiga ukelele uliowafanya njiwa waruke juu ya paa.

Ndipo Stane alipompigia mkewe.

"Vida," alisema, "nimekuzimia muziki."

"Najua. Nimepigiwa simu na watu wanne." Nyuma yake palikuwa na kelele za magari. "Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Nimewasha gari, nikaweka redio, nikaendesha polepole hadi muziki umerudi. Dakika sita kutoka mlangoni. Niko kwenye maegesho ya duka la rangi, wapigaji wanasikika kama wamekaa kiti cha nyuma. Na siko peke yangu. Wamekuja majirani zetu akina Zalokar, na mume na mke wengine siwajui hata majina, wote wa ufukweni, wote wamefungua milango ya magari. Watu wanacheza hapa, Stane. Juu ya lami."

"Unacheza na nani?"

"Na mzee Zalokar, na ananikanyaga. Njoo upesi."

Stane alichukua koti lake. Kwenye ngazi Tilka alimwita, akimkumbusha kwamba watu wanamsubiri ukumbini kwa hotuba.

"Waambie wacheze," alisema, akizishuka ngazi mbili mbili.