Kichwa Kilichokataa Kuinama

Vumbi la Kitengela ni jepesi, la kijivu, kama unga uliopepetwa. Wasichana wakikimbia, linainuka. Wakisimama, linabaki hewani likiwatazama. Ndani ya vumbi hilo Resian alijifunza kucheza mpira. Ndani ya vumbi hilohilo, Jumamosi moja ya mwaka 2005, alijifunza aibu.

Alicheza kati. Mpira ulimfikia ukiwa na hasira, ukaondoka umetulia. Aliiona nafasi kabla haijafunguka, kwa maana alikuwa amechunga: miaka sita nyuma ya mbuzi wa baba yake, ng'ambo ya Kajiado, akimsoma beberu begani kabla hajageuka. Kocha Maweu alisema ni kipaji. Resian alijua ni mbuzi.

Jumamosi ile barua ilikuwa imeshafika. Klabu moja ya Uswidi ilimtaka kwa miaka miwili, kazi yake iwe mpira na mpira tu. Angeondoka Alhamisi. Mpiga picha wa gazeti alikuja uwanjani, na Resian alikuwa amesukwa nywele upya, nyembamba, zenye kung'aa. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuonekana mtu wa kwingine.

Hapo ndipo baba yake alipotokea kwenye kona ya uwanja. Mzee Metito, shuka begani, rungu mkononi, akala za tairi miguuni. Hakuwahi kumwona binti yake akicheza, hata siku moja. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya mapambazuko.

"Re, huyo ni nani?" Beverlyne, kapteni, aliuliza, kicheko tayari mdomoni. "Ama ni soja wako wa geti, mnaenda na yeye Uswidi?"

"Wacheni mzee wa watu," alisema Ruth wa golini, naye akicheka.

Resian alicheka. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote, kwamba naye alicheka.

Mzee alifika. "Takwenya," alimsalimu binti yake kwa Kimaasai, polepole, na kiganja chake cha kulia kikaanza kuinuka.

Kwao, mtoto hampi baba mkono. Mtoto huinamisha kichwa, na baba hukiwekea kiganja juu, na katika kiganja hicho mna salamu na mna baraka. Mkono ni wa rika. Mkono ni wa mgeni.

Kichwa kingeinama tu. Shingo ilikuwa ileile ya utotoni. Lakini kamera ilikuwa imeinuliwa, na wasichana walikuwa wakitazama, na nywele zilikuwa mpya.

"Habari ya safari, mzee," alisema kwa Kiswahili, akamnyooshea mkono.

Baba aliutazama ule mkono. Kisha akaupokea. Akautikisa mara mbili, kwa adabu, jinsi anavyowasalimu maofisa wa mifugo. Mechi ilipoanza akasimama pembeni mpaka filimbi ya mwisho, akaona pasi mbili za binti yake zikizaa mabao, kisha akaondoka kabla binti hajavuka uwanja.

Kichwa kingeinama tu. Jumatatu picha ilitoka gazetini, naye kichwa juu, mzuri. Hakuweza kuitazama. Jumanne hakula. Aliogopa jambo moja tu: kuvuka bahari bila kiganja kile kichwani, kwa sababu alikikataa mwenyewe, mchana, mbele ya watu.

Jumatano alirudi nyumbani. Njia nzima alipanga maneno, na kila neno lilipofika Isinya, katikati ya njia, lilikuwa limekwisha kuoza.

Baba alikuwa kwenye hori, akinywesha ng'ombe. Alimwona kwa mbali, akaacha ng'ombe, akamjia. Resian alianza kuinama angali hatua kumi mbali. Lakini mkono wa baba ulikuwa umekwisha kunyooshwa mbele, vidole vimenyooka, kama wa mtu aliyefundishwa jambo na kulishika.

"Habari ya safari," alisema kwa Kiswahili, kwa uangalifu, asikosee.

Usoni mwake hamkuwa na lawama. Ingekuwa heri iwepo. Alidhani hivyo ndivyo binti yake anavyotaka kusalimiwa siku hizi, na alikuwa amejifunza kwa ajili yake.

Resian aliinama zaidi, mpaka paji la uso likagusa kiganja hicho kilichonyooshwa, akaliacha hapo.

"Papa," alimwita baba kwa lugha yao. "Si hivyo, papa."

Mkono haukusogea. Kisha ukageuka, taratibu, ukapanda juu ya nywele zilizosukwa, ukatulia.

"Takwenya."

"Iko," aliitikia, kama ilivyo kwao.

Ng'ombe waliwapita wakienda majini, na vumbi lao likawafunika wote wawili, jekundu, zito, lenye harufu ya maziwa. Aibu haikuondoka, alijua angevuka nayo. Lakini vumbi lile hakulipangusa. Alhamisi alipanda ndege nalo kichwani, na ndani yake, mahali pasipoonekana na kamera, alama za vidole vitano.