Gunia Lililopimwa Chala

Kofi la kwanza lilitoka kwa mjomba wangu Baltazari. Kofi lenyewe sikulilaumu, niliwalaumu waliocheka. Ilikuwa saa nne asubuhi, sokoni Chala, mbele ya watu walionijua tangu naanza kutembea. Nilimeza damu, nikamwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Usiniamkie! Ulikuja nyumbani kwangu ukasema mahindi yatapanda mpaka Januari. Ukasema wachumi wa benki kuu wamekadiria. Nikaweka ndani. Yameliwa na dumuzi, Adela! Yaliyobaki nauza bei ya kutupa!"

Ni kweli nilisema. Kazi yangu ni kuwatumia wachumi wa Dar es Salaam taarifa za mavuno na bei za huku Nkasi, nao huzitumia kukadiria bei za miezi ijayo. Kwa miaka mitatu makadirio ya mahindi yetu yalikosewa, na kila mwaka kosa lilikua. Walitabiri uhaba, kumbe maghala yamefurika. Mahindi yote yakaingia sokoni kwa pamoja, bei ikaporomoka, na waliosubiri wakaumia.

Wachumi hawakujua kosa lilikoanzia. Mimi nilijua. Fomu iliuliza magunia mangapi, nami nikahesabu kila gunia kilo mia. Lakini kwetu gunia huongezewa kichwa cha wavu juu, ndiyo lumbesa, na kila mwaka kichwa kinarefuka. Lumbesa imepigwa marufuku, kwa hiyo hakuna mkulima anayeitaja mbele ya mtu mwenye fomu. Niliviona vichwa vile kwa macho yangu, nikaandika mia, nisije nikaambiwa nimewachoma ndugu zangu.

Mwishowe nilimpigia simu Lydia, mmoja wa wachumi wale, nikakiri. Hakunigombeza. Alinitumia mzani wa kutundika. Makadirio mapya yalikuwa yanatoka wiki iliyofuata, na mjomba alishasema akikosea tena kuuza, shamba linakwenda kwa madeni.

"Mjomba, nipe gunia moja tu nipime."

"Unataka nifungwe?"

"Nataka mwaka huu nikuambie ukweli."

Aliinamisha macho. Nadhani angekubali. Lakini Loth, dalali aliyenunua karibu nusu ya mahindi ya Chala, alikuwa amesimama juu ya shehena ya lori lake.

"Huyo katumwa!" akapaza sauti. "Akipima tu, kesho polisi hawa hapa. Mtalala ndani nyote!"

Hakuwa na uchungu na mkulima yeyote. Aliwaapia kwamba kichwa cha gunia hakizidi kilo kumi, akawalipa kwa hesabu hiyo, nao walimwamini kwa sababu hakuna aliyethubutu kupima. Sasa wakamwamini tena. Jiwe likanipata begani. Rozina, ninayeimba naye kwaya, akanivuta nywele mpaka nikapiga magoti. Nikamng'ata mkono, na sitasema uongo, nilimng'ata kwa raha.

Nikatambaa hadi kwenye boriti nilipotundika mzani, ubavuni mwa lori. Loth akaniona. Akasukuma gunia moja la shehena kwa miguu yote miwili, likaniangukia.

Nilisikia mfupa wa mguu ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Kisha nikapiga yowe, na mawe yakakoma.

Mjomba alikuja mbio. Yeye na wanaume watatu wakaliinua gunia. Nilitegemea atanibeba. Badala yake alilitazama gunia, akanitazama mimi, akawaambia wenzake walitundike.

"Soma, mjomba," nikasema huku nalia.

"Mia na arobaini na mbili." Alisogea karibu, akasoma tena. "Mia na arobaini na mbili!"

Akaokota mpini wa jembe, akapanda lorini.

"Mzee Baltazari, tuongee," Loth alisema. Hawakuongea. Mpini ulitua mara mbili, na wengine wakamvuta Loth miguu mpaka akaanguka chini, hatua mbili kutoka nilipolala. Walimpiga kwa mateke na kwa mawe yale yale waliyoniokotea mimi. Alininyooshea mkono.

"Adela, waambie waache!"

Wangenisikiliza. Baada ya gunia lile, neno langu moja lingetosha. Nilitoa kalamu, nikaandika 142. Nikaandika tarehe, nikaandika mahali, taratibu kabisa. Nilipoinua kichwa, jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha.

Wiki ile wakulima walijipimia wenyewe, wakaniletea hesabu za magunia sitini kitandani hospitalini. Polisi walipouliza habari za Loth, soko zima halikuona kitu.

Januari Lydia alinipigia simu kwa furaha. "Adela, tumekosea kwa asilimia mbili tu! Mjomba wako je?"

"Aliuza mapema. Shamba lipo."

"Hongera! Uliwashawishi vipi watu wale?"

Nilikuwa nimesimama sokoni, nimeegemea gongo langu. Loth alikuwa anakuja, kitambaa kimefunika jicho, akigeuza shingo nzima ili aone njia.

"Waliusoma mzani," nikajibu.

Niliona aibu, nikasogea upande wake wa kushoto, asikoona, mpaka akapita.