Shule Zilipofungwa

Wilf Tebbutt aliitwa kuchezea timu ya jimbo mwezi Juni, akiwa na miaka ishirini na tisa, akaiacha meza yake ya kushonea viatu bila kufikiri mara mbili. Kufikia mwisho wa Julai alikuwa amecheza mechi sita za kriketi, amesinzia kwenye treni zaidi kuliko alivyolala kitandani, na magoti yanamuuma hata akikaa.

"Ukifikisha alama hamsini leo, watakubakisha?" mkewe, Edie, alimwuliza asubuhi.

"Watanitoaje?"

Alipata sitini na moja. Mechi ilipokwisha akapanda ngazi za nyuma, za wachezaji wa kulipwa, akajibwaga kwenye benchi na viatu vyake miguuni. Groocock, mrusha mpira aliyezeeka pale, akamsogezea chai.

"Umecheza, mwanangu. Leo tarehe ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi kunywa chai."

Wilf hakuelewa mpaka nahodha, Bwana Prideaux, alipochungulia. Yeye na wenzake wasiolipwa walikuwa na chumba chao cha mbele na lango lao la kuingilia uwanjani.

"Safi sana, Tebbutt. Sasa, shule zimefungwa, na Bwana Aldous yuko huru Agosti yote. Anafundisha Kilatini. Hupenda kuwa mpigaji wa nne."

"Wa nne ni mimi, bwana."

"Najua. Kesho utatubebea vinywaji."

Mlango ukafungwa.

"Kila mwaka," Groocock akasema. "Na kila mwaka yupo anayedhani timu inachaguliwa kwa alama."

"Si ungeniambia?"

"Ungepiga sitini na moja?"

Kesho yake Aldous alitolewa kwa mpira wa pili, hana hata alama moja. Akarudi kwa lango la wasiolipwa akitabasamu. Hakuna aliyezungumzia kumbadilisha. Siku tatu Wilf akabeba trei ya maji ya shayiri, akakusanya glasi, akabeba tena.

Jumanne jioni nahodha akamshika bega. "Septemba shule zikifunguliwa tutakuhitaji, Tebbutt."

Wilf alitafuta hasira ndani yake, akakuta uchovu tu.

"Septemba nitakuwa nashona viatu, bwana."

Jumatano saa moja asubuhi alikuwa mezani pake.

"Haya, bingwa," msimamizi wa kiwanda akamwambia, "ulipata ngapi huko?"

"Sitini na moja," Wilf akajibu, akainama kutafuta sindano yake.