Rekebisho la Shemeji

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga wa kujitolea, maana hakuna aliyenituma.

Kazi yangu ni kukagua marekebisho ya mfumo endeshi kabla hayajaenda kwa wateja. Nisiporidhia, hakipiti kitu. Sasa kulikuwa na aina moja ya kompyuta mpakato iliyotutesa: ukifunga kifuniko ikalala, ukija kuiamsha, kioo giza, kibodi bubu. Mchawi alikuwa programu ya bodi, ule ubao mkuu wa ndani ya mashine, programu inayowekwa kiwandani. Kompyuta ikiamka, programu hiyo inauambia mfumo wetu kwamba kifuniko bado kimefungwa. Uongo mtupu, na mtu wa watu amekaa mbele ya kifuniko kilicho wazi, anabonyeza kama mpiga kinanda. Kiwandani tuliwaandikia, wakauchuna.

Nilijaribu kulitibu tatizo hilo mimi. Nikaandika rekebisho la kuufanya mfumo usubiri kidogo, labda bodi ingejirudi. Haikujirudi. Ndipo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi pale nilimwombea kwa mdomo wangu huu huu, akaja na lake: mfumo ukiamka usiisikilize bodi, ukiulize kihisi cha kifuniko chenyewe. Mistari michache tu. Nilipoisoma roho iliniuma kama jino bovu. Ilikuwa mizuri. Laiti ingekuwa mibaya!

Nyumbani ndiko walikonimaliza. Mke wangu ananimiminia chai huku anatabasamu: "Nasikia mdogo wangu ameliua lile dudu lililokushinda." Chai ikanipalia.

Ofisini nikaanza visa. Nikamrudishia kwa sababu ya nafasi kati ya maneno. Akasahihisha. Nikamrudishia, maelezo marefu. Akafupisha. Nikamrudishia, maelezo mafupi.

"Shemeji," akaniita toka mezani kwake, "bado rangi ya gauni langu tu hujaikagua."

Watu wakacheka. Bosi, aliyetaka toleo jipya litoke mchana huo, akaja kusimama nyuma yangu. "Tatizo liko wapi? Lisipoingia leo, wateja watakaa gizani mpaka toleo lijalo."

"Halina kazi hili," nikasema, na mwenyewe nikajishangaa. "Mashine inaamka vizuri tu bila hilo. Njooni niwaonyeshe."

Nikachukua kompyuta ile ile korofi, isiyo na rekebisho, nikaiunganisha na skrini kubwa ya ukutani ili kila mtu ashuhudie. Nikafunga kifuniko. Nikangoja kwa madaha, nikakifungua. Kioo kinang'aa! Nikachapa neno, likatokea ukutani. Nikarudia, mambo yakawa yale yale. Nikamgeukia shemeji, kifua mbele kama jogoo. "Haya daktari, mgonjwa yuko wapi?"

Alikuja, akainama, akauchomoa waya wa skrini ya ukutani. "Funga tena."

Nikafunga. Safari hii kitaa cha ubavuni kikaanza kupepesa taratibu, ishara kwamba kompyuta sasa imelala. Nikafungua. Giza. Nikabonyeza kibodi mpaka vidole vikaniuma. Giza.

"Ikiwa na skrini ya nje, mfumo wetu hauilazi hata ukifunga kifuniko," bosi akasema polepole. "Kanuni hiyo si uliiandika wewe mwenyewe?"

Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimeithibitishia ofisi nzima kwamba kompyuta ambayo haikulala huamka vizuri sana.

"Lipitishe," bosi akasema, akatazama saa.

Hapo mwenye akili zake angenyamaza. Mimi wivu ukanisukuma tena. "Sawa, napitisha. Lakini na jina langu liwekwe. Dudu hili nilianza kulifukuza mimi, na wewe hapa ulikuja kwa mgongo wangu."

Shemeji alikuwa tayari anakunja ule waya, taratibu, bila hata kuninunia.

"Chini ya kila rekebisho kuna mistari ya majina, shemeji. Aliyeandika, ni mimi. Aliyejaribu, hao wote wamekuona ukijaribu. Umebaki wa aliyekagua: jiandike upesi, kabla bosi hajampa mtu mwingine."