Kelele za Mama

Baba aliacha kulala baada ya mama kufariki, na sisi wanawe, kwa ujuaji wetu, tukamtibu kila kitu isipokuwa kile kilichomsumbua.

Kaka yangu ni seremala, basi yeye aliona tatizo ni kitanda. Akachonga kipya, kipana kama uwanja. Dada yangu ni nesi, akaona presha. Mimi nauza mapazia. Jibu langu mnalijua. Baba alishukuru kwa kila kimoja, kisha akakesha. Alikonda mpaka ikawa shati ndilo linalomvaa yeye, na dada akaanza kuzungumzia kumlaza hospitali. Niliogopa kweli. Sikutaka kuzika tena.

Shangazi, dada yake baba, alikuja Jumapili mchana. Hakuleta dawa, alileta mdomo wake tu.

"Kaka," alimwuliza baba, "zamani ulikuwa unalalaje?"

"Kwa kelele za wifi yako."

Sisi tukacheka. Shangazi hakucheka. "Kelele zipi?"

Baba akagonga mkono wa kiti kwa vidole: mfululizo, kituo, mfululizo tena. Nikaijua papo hapo. Cherehani ya mama! Utoto wetu wote alishona sare za watoto wa watu, baba akikoroma kwenye kochi pembeni yake. Ikinyamaza tu, baba anashtuka: "Mama watoto, zima taa, utaharibu macho." Naye humjibu, "Namalizia pindo tu." Pindo hilo halikuisha miaka yote, na leo ningetoa chochote nilisikie tena.

Cherehani yenyewe tulikuwa tumeifungia stoo baada ya mazishi, eti baba akiiona ataumia.

"Kuuliza si ujinga," shangazi alitupasha. "Ila nyie mlikuja na majibu mkononi."

Kaka akaitoa, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta. Nikaketi kwenye kigoda cha mama, nikaanza kukanyaga, bila kitambaa wala uzi. Baba alikipita kitanda kipya, akajilaza kwenye kochi letu lililobonyea. Haukupita muda akaanza kukoroma. Dada alitoka nje kulia.

Mguu ukachoka, nikapumzika kidogo.

"Mama watoto," baba akasema, macho kayafumba, "zima taa."

Chumba kizima kilikuwa kimejaa jua. Nikakanyaga tena.

"Namalizia pindo tu," nikamwambia.