Kona ya Tano

Mama Rachael, mke wa mchungaji, hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa ametoka kwenye semina Nakuru na habari kwamba Mungu ameumba watu wa aina nne tu, hakuna ya ziada, na Jumamosi hiyo aliwasimamisha wanandoa wote wa kanisa lao la Manyatta katikati ya ukumbi, viti vikiwa vimesukumwa ukutani, ili kila mtu achague kona yake. Kona ya mlangoni ilikuwa ya wakali, wale wanaoamrisha. Iliyokuwa karibu na spika ilikuwa ya wachangamfu. Ya dirishani ya wapole. Na ile yenye ndoo za kunawia ilikuwa ya wenye mawazo, watu wanaolipima jambo mpaka linachacha.

"Nyumba imeshika moto," Mama Rachael akasema. "Usinidanganye. Kitu ya kwanza unafanya ni nini? Hiyo ndiyo wewe. Enda kona yako."

Watu wakaenda wakichekana. Wanyonyi, fundi wa magurudumu pale Mamboleo, ambaye hata dereva wa lori akimtukania mama yake hunyanyua tu jeki na kuendelea na kazi, alijikokota hadi kwa wapole, na hakuna aliyeshangaa. Mkewe Apiyo alibaki katikati, mtoto wao Lorine mgongoni. Jibu lake alikuwa nalo tangu utotoni. Nyumba ikishika moto, yeye angekimbia. Angekimbia asitazame nyuma, na watu wa jibu hilo Mama Rachael hakuwa amewatengea kona.

"Mama Lorine, wewe ni wa kona ya tano?" mtu mmoja akauliza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Apiyo akacheka nao. Moyoni aliogopa sana, kwa sababu mtoto aliyelala mgongoni hakujua amebebwa na mtu wa namna gani.

Hofu hiyo alipewa pamoja na jina. Hakuwa pacha, ingawa Apiyo ni jina la pacha anayetangulia, na kila mgeni alimuuliza Adongo wake, yule pacha wa pili, yuko wapi mpaka akachoka kueleza. Kwao Kano, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina linalomnyamazisha ndilo lake. Marehemu ndiye aliyeomba kurudi. Yeye aliyakataa majina ya ukoo mzima, ya wenye ng'ombe na ya wenye dini, mpaka nyanya yake, waliyemwita Dani, aliponong'ona jina la binti yake mwenyewe aliyekufa maji akiwa msichana: Apiyo. Mtoto akanyamaza. Na jina la marehemu, wazee husema, haliji mikono mitupu. Huja na tabia ya mwenyewe.

Tabia ya shangazi huyo ilijulikana. Mto Nyando ulipovunja kingo, miaka hiyo ya nyuma, shangazi Apiyo alikimbia akamwacha pacha wake Adongo kitandani na homa. Maji yaliwachukua wote wawili, lakini aibu ilimbakia aliyekimbia. Dani hakuificha hadithi hiyo. Mtoto akigombana na wenzake mtoni, Dani alisema, "Kimbia, Apiyo. Kukimbia ni kwako." Mbwa akibweka, kimbia. Fahali akikata kamba, kimbia. Shuleni alishinda kila mbio, akarudi nyumbani na sahani na sufuria za zawadi, na hakuna hata moja iliyomfurahisha.

"Hizo ni mambo ya wazee tu," Wanyonyi alimwambia Jumapili walipokuwa wakinywa chai. "Mimi nimeitwa jina ya babu mwizi wa ng'ombe, na hata kuku sijawahi iba. Wewe ulishawahi kuacha mtoto mahali?"

"Bado," akasema Apiyo.

Wanyonyi aliweka kikombe chini. Neno hilo lilimtia baridi hata yeye, mpole wa kona ya dirishani. Akamwambia aende Ahero, kwao Kano, amwone Dani, amuulize kabisa, kwa sababu kidonda cha kufichwa hakiponi.

Alifika Jumatatu, jua likiwaka. Dani alikuwa mlangoni juu ya kigoda, anapepeta mchele kwenye ungo, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Miguu hiyo ilikuwa imemkatalia kutembea tangu Krismasi. Alimpakata Lorine, akamnusa kichwani, akamsifu mashavu, kisha akamrudisha kwa mamaye na kushika ungo wake tena.

"Dani, yule Apiyo alikuwa mtu wa aina gani?"

"Alikimbia. Mbona unauliza kitu unajua?"

"Nataka kujua kama mimi nitamwacha Lorine."

Ungo ukasimama. Dani alifungua mdomo, na pengine angesema pale pale. Lakini kelele zilitoka upande wa mto, kwanza za wanawake, kisha za kila mtu.

Mafuriko ya Kano hayangojei mvua ya Kano. Mvua hunyesha huko juu kwenye milima ya Nandi, na mtu wa bondeni anaweza kuwa ameanika nguo juani, asijue kinachomjia. Maji yalikuja katikati ya mashamba ya mpunga, ya rangi ya chai ya maziwa, hayana haraka ya kuonekana, na kabla Apiyo hajainuka yalikuwa yamepita boma na kuinua kigoda kingine kilichokuwa kando ya Dani.

"Kimbia, nyathina, mtoto wangu," Dani akasema. "Kimbia na mtoto."

Na miguu ikatii. Hakufikiri, hakuuliza. Alimfunga Lorine kifuani kwa leso na kukimbia kama alivyofunzwa maisha yake yote, akaruka mtaro, akapita mbuzi, akapita wanaume wazima, akawa wa kwanza kupanda kwenye barabara ya lami iliyoinuliwa juu ya bonde. Hapo ndipo alipogeuka. Nyumba ya Dani ilionekana paa na nusu ya ukuta. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Basi ni kweli, aliwaza. Ni mimi. Wenzake walikuwa na kona za kusimama, wakali na wapole, na yeye alikuwa amemwacha mwanamke mzee asiyeweza kutembea ndani ya maji, mtu wa pili kuachwa majini na jina lile lile.

Kando yake alisimama muuza nyanya wa hapo barabarani, Maryanne, amekumbatia kreti yake. Apiyo alifungua leso, akamtwika Lorine juu ya nyanya zake bila hata salamu, na alichokumbuka baadaye ni kwamba maji yalikuwa kiunoni na yeye analia kwa sauti. Hakuna ushujaa aliousikia mwilini. Alisikia hofu tupu, na hofu hiyo ilikuwa inamsukuma kwenda mbele.

Dani alikuwa amejivuta hadi juu ya meza, ameikumbatia nguzo ya katikati ya nyumba. Alipomwona mjukuu wake akiingia, hakushukuru. Alimpiga kofi la kichwa.

"Nani amekuambia urudi? Mtoto yuko wapi?"

"Yuko barabarani. Panda mgongoni, Dani."

"Nilikuambia ukimbie. Miaka yote nakuambia ukimbie."

Lakini alipanda. Apiyo alitoka naye, mkono mmoja ukishika ua, mwingine ukishika goti la Dani, maji yakivuta miguu yote miwili. Na hapo, mdomo ukiwa karibu na sikio la mjukuu, Dani alianza kusema, haraka, kama anayeogopa kwamba hawatafika.

"Yeye pia alirudi. Sikia. Nilifika barabarani na baba yako mgongoni na Apiyo mkononi. Nilidhani Adongo ako na baba yao. Apiyo akaniuliza, mama, Adongo yuko wapi, na kabla sijajibu mkono wake haukuwa kwangu. Nilimwona akiingia ndani ya maji. Nilimwona mpaka hapo kwa mkuyu. Mimi sikumfuata, nilikuwa na baba yako."

"Lakini ulisema alikimbia."

"Wewe ulikataa majina yote ukanyamaza kwa hilo. Niliogopa, nyathina. Nilijua ni yeye amerudi, na huyo hajui kukimbia. Wenye waliona walikuwa wamekufa. Nikasema, huyu nitamfundisha. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilitaka wakucheke. Nilitaka uzeeke ukichekwa."

Apiyo alikuwa na kazi ya kupumua. Alipita mkuyu ule, maji yakiwa kifuani, na akaupita akijua ni upi.

Wanaume wawili waliwavuta juu kwa kamba ya mbuzi. Dani aliketishwa kwenye lami, maji yakimchuruzika, na Maryanne akamrudisha Lorine, mzima, uso mzima umepakwa nyanya iliyopondeka. Apiyo alimkumbatia. Alitegemea furaha, na ilikuja kidogo. Kumbe hakuwa mtu wa kuacha. Mama Rachael angemtengea kona yake.

Ndipo mtu akasema kwamba Mzee Ondiek, jirani kipofu wa Dani, bado yuko ndani kwake. Mtumbwi umeitwa kutoka upande wa daraja, akasema, unakuja, tusubiri. Watu wote wakageuka kutazama paa la Ondiek. Mzee alikuwa anaita.

Apiyo aliangalia chini. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshashuka kwenye ukingo, uko ndani ya maji. Mikono yake ilikuwa imemsogeza Lorine kwa Maryanne tena, na Maryanne alikuwa ameanza kumpokea. Hakukumbuka kuamua lolote kati ya hayo. Hofu iliyompata wakati huo haikuwa ile ya Manyatta. Ile ya Manyatta ilikuwa ya mtu mwingine, aliyetungwa na nyanya yake. Hii ilikuwa yake mwenyewe, ya mtu anayemwacha mtoto kwa kurudi majini, na Lorine alikuwa analia akimnyooshea mikono.

"Nishike," alimwambia Maryanne. "Usichukue mtoto. Nishike mimi."

Maryanne hakuelewa, lakini alimshika, leso na mkono pamoja. Dani alielewa. Alijikokota kwenye lami kwa makalio, akamkamata mjukuu wake kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili, na safari hii hakusema kimbia. Wakamshika hivyo mpaka mtumbwi ulipopita kuelekea kwa Ondiek.