Kupita Mbele ya Dirisha la Dada

Nyumba tuliyozaliwa dada yangu na mimi ilikuwa na dirisha moja tu lililotazama bahari. Mengine yote yalitazama jikoni kwa jirani, na tulijua wamepika nini kabla wao hawajaonja chumvi. Lakini hilo moja, la chumba chetu, lilikuwa juu ya mwamba, na chini yake hapakuwa na kitu ila maji. Hapo ndipo tulipokulia, viwiko vimeegemea ukingo wa dirisha, tukitazama yoti zikipita. Sisemi meli kubwa. Nasema zile boti ndogo nyeupe za tanga, za watu wanaotembea pwani kwa raha zao, leo wanalala ghuba hii, kesho ile.

"Siku moja nitapita hapo," nilimwambia dada. "Wewe utakuwa umekaa hapa hapa unaniona."

"Na pua yako hiyo inayotoka makamasi, nani atakukubali kwenye boti?" akasema.

Nikaolewa mji wa bandari, nikawa fundi wa sare za shule. Dada akabaki kwenye nyumba. Kila mwaka nilikwenda kumwona kwa basi, na kila mwaka akinifungulia mlango nilimwambia neno lile lile: "Nikija kwa basi unaniona nimefika. Mimi nataka unione nikipita." Yeye hujibu, "Ingia kwanza, chai inapoa." Lakini jioni namkuta kakaa dirishani, na mimi nakaa pembeni yake.

Mume wangu alikuwa mpaka rangi wa meli. Miaka thelathini na mbili kapaka matumbo ya meli za watu, na hakuna hata moja iliyompeleka mahali. Alipostaafu, karakana ilikuwa inasafisha uwanja, na pembeni palikuwa na yoti ya faiba ya mita sita, imejaa majani na kinyesi cha ndege. Hakuna aliyeitaka. Wakampa kama wanavyompa mtu kiti kibovu, achukue, mradi kiondoke. Mafundi wakaiita Kisahani cha Sabuni, na kweli, ukiitazama kwa mbali, hakuna jina lingine unaloweza kuipa.

"Kitendawili," nikamwambia siku aliyoniingiza ndani yake.

"Tega."

"Nyumba yangu mlango wake uko darini."

"Nyumba gani hiyo, nyumba ya popo?"

"Ndiyo hii uliyopewa kwa jasho la mikono, mzee. Nipe mji."

"Chukua mji, na ufagio pia," akasema, "maana humo ndani kuna kazi."

Tukafagia. Akaikwangua, akaipaka rangi ya maziwa, na mstari wa kijani pembeni. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vyembamba kama mbao za kupigia pasi, jiko la moto mmoja, na ndoo ambayo sitaieleza kazi yake. Nahodha mmoja mstaafu wa kivuko akamfundisha mzee wangu kuendesha, mwaka mzima, Jumapili kwa Jumapili, ndani ya ghuba. Mimi nilikaa mbele nikishika kamba niliyoambiwa nishike. Nilikuwa na miaka sitini na sita, na moyo ulikuwa unaruka kama wa mtoto anayesubiri kengele ya shule ilie.

Kisha binti wa dada akapiga simu. Dada miguu imechoka, ngazi za ile nyumba zinamshinda. Watakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumhamishia kwao, bara, mahali ambapo hata mto hakuna. Nyumba itafungwa.

Nikaongea na dada mwenyewe. "Nakuja," nikamwambia. "Safari hii napita."

Akauliza, "Nitavaa gauni gani?"

Kasheshe ikawa tanga. La zamani lilikuwa limeliwa na jua, ukilivuta linachanika kama karatasi. Tanga jipya la dukani halikuwa la watu wa aina yetu. Lakini mimi si fundi? Nikapata kitambaa kizuri kigumu cheupe, nikatandaza lile la zamani sakafuni ili nilikate jipya kwa kulifuatisha. Likakataa kulala. Nikilikandamiza huku linainuka kule. Katikati lilikuwa limevimba, na kingo zake zimepinda.

Nikacheka. Nilishaona hayo mara elfu. Sketi ya mtoto aliyekaa nayo darasani mwaka mzima huvimba vile vile makalioni. Nikasema, tanga hili limezeeka, limelegea. Kwa hiyo kwenye jipya nikarekebisha. Nikachukua rula yangu ndefu na chaki, nikanyoosha kila ukingo, nikakata, nikashona mishono miwili miwili, nikapiga pasi mpaka likawa tambarare kama shuka la hospitali. Mzee akaja akalitazama, akapitisha kiganja juu yake.

"Fundi," akasema, "hili hata rais angelalia."

Siku ya kulijaribu, upepo ulikuwa nyuma yetu. Tukaenda kama tunateleza. Kurudi tukawasha injini, kwa sababu binti yetu alikuwa amepika na anapenda chakula kiliwe cha moto. Hilo ndilo jaribio tulilofanya.

Tukaondoka Jumatatu asubuhi. Safari ni ya siku tatu kwa wanaojua, kwa hiyo tulikuwa na siku mbili za akiba. Siku ile ya kwanza sitaisahau. Upepo ulitusukuma, pwani ikawa inapita upande wa kulia polepole, nyumba, mnara wa maji, watu wanaanika nguo. Niliwatazama wale wa nguo nikafikiri: nimekuwa mtu wa kule, ninayetazamwa. Nikanywa chai kwenye kikombe cha plastiki, nikaona ni chai tamu kuliko zote nilizowahi kunywa, na sukari tulikuwa tumesahau nyumbani.

Jumanne tukafika rasi ya kwanza. Hapo pwani inapinda, na upepo uliokuwa mgongoni ukawa usoni. Upepo ukiwa mbele, boti ya tanga huenda upande upande, kulia kisha kushoto, kama mtu anayepanda mlima mkali. Wenyewe huita kubisha. Mzee alikuwa ameshafundishwa. Tukabisha. Tukaenda kulia mpaka mbali, tukageuka, tukarudi kushoto, na nilipotazama nchi kavu niliona jiwe jeusi lenye umbo la kiatu.

"Mzee, si jiwe lile tuliliona saa mbili?"

"Mawe ya baharini yanafanana."

Tukaenda tena, tukarudi tena. Kiatu kile kile.

"Mzee."

"Nimeliona, mama. Usinionyeshe tena."

Injini yetu ilikuwa ya kuingilia bandarini tu. Kwenye mawimbi yale ilikohoa kama mzee wa sigara na ilitosha kutufikisha kwenye kighuba cha jirani, tukatia nanga. Jumatano tukajaribu upya kutwa nzima. Kiatu. Mzee alijilaumu, akasema mikono yake ni ya brashi, si ya usukani. Alikaa ameinamisha kichwa na mimi nilikuwa nimemkasirikia hasa. Nilimpikia wali, nikauweka mbele yake, nikageuka.

Alhamisi asubuhi, nikiosha vyombo, yoti nyingine ikatupita, ndogo kama yetu, ya kijana mmoja peke yake. Upepo ule ule, mawimbi yale yale. Ikabisha mara mbili, ikazunguka rasi, ikapotea. Lakini mimi nilikuwa nimeshaliona tanga lake. Lilikuwa na tumbo. Tumbo la mwanamke wa miezi sita, la mviringo, limetulia.

Nikatazama la kwetu lililokunjwa juu ya boriti yake, nadhifu, bila kosa, na sufuria ikanitoka mkononi ikaenda baharini.

"Mzee," nikasema. "Kitendawili."

"Leo sina hamu."

"Tega, nimekuambia!"

Nilisema kwa ukali, na maneno yenyewe niliyakosea, ndipo akanitazama. "Wewe ndiye unayetega, fundi."

"Kadiri anavyoshiba ndivyo anavyokimbia."

Akafikiri. "Tanga?"

"Tanga. Na mimi la kwako nimelinyima tumbo. Lile la zamani halikuwa limelegea. Lilishonwa vile. Mimi nimelipiga rula." Hapo machozi yakanitoka. "Si mikono yako, mume wangu. Ni yangu."

Nilitegemea aseme neno, nililistahili. Akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Sasa unalia nini? Hujawahi kushona nguo ya mjamzito?"

Nimeshona nyingi. Unatia mikunjo ukingoni, mipana mwanzo, inayokwisha taratibu kuelekea katikati, kama unavyofanya kifuani mwa blauzi ili nguo ipate nafasi. Ukingo unafupika, katikati panavimba. Nilijua cha kufanya. Ila cherehani ilikuwa nyumbani, na kitambaa kile kwa mkono ni kama kushona mlango.

Nilipompigia binti yetu kumweleza, akawa mwepesi. "Mama, barabara si iko hapo juu ya ghuba? Panda basi leo. Kesho mchana uko kwa mama mkubwa, unamsaidia kufunga vitu, mnaagana vizuri. Baba atafuata na hilo sahani lake."

Alikuwa na haki. Na hata kama ningeshona, hakuna aliyejua kama tungewahi. Nikampigia dada.

"Naweza kufika kesho kwa basi," nikasema. "Au nishone, labda nifike Jumamosi, labda nisifike."

"Ukija kwa basi," akasema dada, "sifungui mlango."

"Dada, sitanii."

"Na mimi umenisikia nikicheka? Kwa basi umekuja miaka arubaini. Shona."

Nikashona. Alhamisi yote, Ijumaa yote, mzee akinishikia kitambaa kisiteleze, akisukuma sindano kwa sarafu pale kidole changu kilipogoma. Mikunjo sita upande wa mlingoti, mitano upande wa nyuma. Vidole vilivimba mpaka pete ikanibana. Ijumaa alasiri tukalipandisha likiwa na madoa madogo ya damu, na upepo ulipoliingia lilifanya tumbo, dogo, la upande mmoja kidogo, lakini tumbo. Mzee alipiga makofi peke yake. Jumamosi alfajiri tuliizunguka rasi kwa mibisho minne, na kile kiatu kikabaki nyuma, sikukiaga.

Simu ikalia saa nne. Dada. Nyuma yake nilisikia mlango wa gari.

"Uko wapi?"

"Zimebaki rasi mbili."

"Hawa wana gari la watu, lazima lirudi leo. Nimewaambia saa moja zaidi, wamenipa saa moja, nimewaambia nyingine, wamenipa nusu." Akashusha sauti. "Nilikaa pale toka alfajiri. Nilivaa lile la bluu."

Nikaivuta kamba ya tanga, ingawa ilikuwa imeshakaza.

"Wamefunga madirisha yote," akasema. "Letu nimewakatalia. Wewe pita tu."

Tulilala ghuba ya mwisho, na Jumapili asubuhi tukapita. Upepo ulikuwa wa pembeni, mwema, wa kuoneana huruma. Mwamba ukatokea kwanza, kisha paa, kisha ukuta mweupe, na katikati ya ukuta dirisha moja lililo wazi. Nilikuwa nimeifikiria saa ile miaka sitini. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya kichwani. Nikampigia dada.

"Niko chini ya dirisha," nikasema.

"Tanga liko juu?"

"Liko juu."

"Huku bara dirisha langu linatazama ukuta wa duka la simenti," akasema. Kisha, "Nieleze. Kutoka huko kukoje?"

Sikuwa nimewaza kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona nyumba ile kutoka upande huo. Nikamweleza. Kwamba ni ndogo. Kwamba paa lina kutu upande wa baharini, upande tusioufikia. Kwamba kuna mti umeota kwenye ufa wa mwamba, chini kabisa ya chumba chetu, na una maua ya njano.

"Mti? Tangu lini?"

"Shina lake ni nene. Tangu zamani."

"Kumbe tulikuwa na maua," akasema. Nikasikia anavuta kiti. "Unakumbuka tulivyokuwa tukiwapungia? Kwa kanga ya mama. Hakuna hata mmoja aliyetujibu. Siku moja ulilia mpaka ukatapika."

"Nakumbuka."

"Ukiwa hapo ulipo, mtu akiwa dirishani anaonekana?"

Nikatazama. Jua lilipiga ukuta ukang'aa, na dirisha lilikuwa jeusi, dogo, kama tundu la kifungo. Nikakaza macho, mimi ninayetunga uzi sindanoni bila miwani. Mtu mzima angeweza kusimama pale na kupunga shuka zima.

"Sema kweli," akasema dada.

"Haonekani, dada. Hapaonekani kitu."

Nilimsikia akipumua.

"Basi hawakutudharau," akasema.

Mwamba ulikuwa unaanza kulifunika dirisha. Mzee alinitazama kutoka kwenye usukani, akiningoja.

"Umeshapita?" dada akauliza.

"Karibu namaliza."

"Geuka. Pita tena, nieleze vizuri ule mti."